Wingi Haukumharibu Morricone

Ennio Morricone alifariki Roma tarehe 6 Julai 2020, akiwa na umri wa miaka 91. Aliacha muziki wa filamu na vipindi vya televisheni zaidi ya 400, pamoja na tungo zaidi ya 100 alizoandika kwa ajili ya kumbi za muziki. Idadi hiyo imemponza. Kila anapotajwa hakosi mtu wa kusema kwamba hakuna awezaye kutunga vyote hivyo akatunga vizuri, kwamba alikuwa fundi wa miluzi na mijeledi, kwamba alijirudia na kwamba sifa zake ni za wengine. Wasemao hayo si wajinga. Wengi wao wanaujua muziki, na baadhi ya madai yao yana chembe ya ukweli. Kwa hiyo yanastahili kujibiwa moja baada ya jingine, si kuzimwa kwa sifa za jumla.

Msimamo wangu nautaja mapema: wingi wa kazi zake ndio uliomfanya awe Morricone tunayemjua. Mkitoa wingi, mmetoa na ubora.

Dai la kwanza: Alitunga mno, kwa hiyo alitunga ovyo

Wanaotoa dai hili huanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, kipindi ambacho filamu zenye muziki wake zilitoka kwa mfululizo wa kutisha, karibu ishirini kwa mwaka mmoja. Wanauliza: muda wa kufikiri aliupata wapi?

Jibu limo katika malezi yake. Baba yake, Mario, alikuwa mpiga tarumbeta wa kulipwa, na Ennio alianza kushika ala hiyo hiyo angali mdogo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alikuwa kijana anayepiga tarumbeta usiku ili familia ipate chakula, na mchana anasoma katika chuo cha muziki cha Santa Cecilia. Hapo alifundishwa utunzi na Goffredo Petrassi, mmoja wa watunzi wakubwa wa Italia wa karne ya 20, akahitimu mwaka 1954. Kisha akaingia kampuni ya RCA ya Italia kama mpangaji wa muziki wa nyimbo za redio. Mpangaji wa studio hangoji hamu imjie. Wimbo unaletwa leo, waimbaji na wapigaji wameshaitwa, na kesho asubuhi karatasi za kila ala lazima ziwe mezani. Alipopata filamu ya kwanza iliyobeba jina lake, Il federale ya mwaka 1961, alikuwa ameshapita umri wa miaka 30 na mkono wake ulikuwa umekomaa.

Aliandika mezani, bila piano, moja kwa moja kwenye karatasi kubwa yenye mistari ya ala zote, kwa kuwa muziki alikuwa anausikia kichwani. Mtu wa namna hiyo akiandika haraka, haraka yake ni matunda ya miaka mingi ya kujifunza. Bach alipoanza kazi Leipzig mwaka 1723 alitoa kantata mpya karibu kila Jumapili, na hakuna anayemwambia kwamba alilipua.

Tuutazame mwaka mmoja tu, 1966. Mwaka huo ulitoka muziki wa The Good, the Bad and the Ugly. Ilitoka pia The Battle of Algiers ya Gillo Pontecorvo, iliyopata Simba wa Dhahabu mjini Venice, ambayo muziki wake Morricone alitunga pamoja na Pontecorvo mwenyewe. Ikatoka Uccellacci e uccellini ya Pier Paolo Pasolini, filamu ambayo majina ya waliohusika yanaimbwa mwanzoni na Domenico Modugno. Na mwaka huo huo mwimbaji Mina aliimba Se telefonando, wimbo wa Morricone ambao Waitaliano wanaupenda hadi leo. Kazi hizo nne hazina hata mbili zinazolingana. Kama huo ndio uovyo, sijui umakini ungetupa nini zaidi.

Chembe ya ukweli nayo isemwe: zipo filamu dhaifu alizozifanya kwa sababu ya ujira, na upo muziki wake unaosikika kama kazi ya siku mbili. Lakini mtunzi hupimwa kwa kilele chake na kwa mara ngapi alikifikia. Morricone alikifikia mara nyingi kuliko wengi waliotunga sehemu moja ya kumi ya alivyotunga yeye.

Dai la pili: Muziki wake wote unafanana

Dai hili mara nyingi hutolewa na watu waliosikia filamu tano, zote za kaoboi. Filamu za kaoboi ni chini ya sehemu moja ya kumi ya kazi yake, jambo ambalo yeye mwenyewe alilirudia kwa waandishi wa habari hadi akachoka. Kwetu pwani kuna sababu ya ziada ya kuchanganya mambo. Kumbi za sinema za Dar es Salaam na Zanzibar zilionyesha filamu nyingi za kaoboi za Kiitaliano, na kila mluzi uliosikika humo ukahesabiwa kuwa wake. Django, iliyopendwa sana na watazamaji wetu, muziki wake ulitungwa na Luis Bacalov. Waigaji walikuwa wengi, na mfanano unaolalamikiwa kwa sehemu kubwa ni wa waigaji hao.

Toka kwenye kaoboi uone. Katika Investigation of a Citizen Above Suspicion ya Elio Petri, ya mwaka 1970, askari mkubwa anaua kisha anaacha ushahidi makusudi ili aone kama kuna atakayethubutu kumkamata. Morricone aliipa filamu hiyo muziki wa mandolini na piano yenye sauti mbovu, wenye mwendo wa kuchechemea na wa kejeli, kiasi kwamba mamlaka yenyewe inaonekana ya kuchekesha na ya kuogofya kwa wakati mmoja. Katika filamu tatu za kutisha za Dario Argento za mwaka 1970 na 1971, alitumia sauti zinazogongana, minong'ono na pumzi za mwanamke. Katika Days of Heaven ya Terrence Malick, ya mwaka 1978, filamu inafunguliwa kwa muziki wa Saint-Saëns, na Morricone akatunga muziki wake kama anayeujibu ule wa mwenzake aliyemtangulia, kwa upole wa mashamba ya ngano.

Kuhusu filamu za Argento kuna kisa ambacho Morricone alipenda kukisimulia. Baada ya ile ya tatu, Salvatore Argento, baba wa mwongozaji na mtayarishaji wa filamu hizo, alimlalamikia kwamba amemwandikia muziki uleule mara tatu. Morricone akajibu kwa kumsikilizisha na kumwonyesha tofauti. Tatizo lilikuwa kwamba sikio lisilozoea sauti zinazogongana huzisikia zote kama kelele moja. Wengi wanaosema muziki wake unafanana wamesimama pale aliposimama mzee Argento.

Dai la tatu: Ni vituko vya sauti, si utunzi

Mluzi, mjeledi, risasi, kengele, fuawe, mlio wa mbweha. Wapinzani wanasema hivyo ni viungo vya kuficha chakula kisicho na ladha.

Kwanza, historia. Miluzi haikuanza na filamu za kaoboi za mwongozaji Sergio Leone. Mwaka 1960, akiwa mpangaji RCA, Morricone aliweka mlio wa kopo linalobingirika ndani ya wimbo Il barattolo wa Gianni Meccia, kwa sababu wimbo wenyewe ulihusu kopo. Miaka michache baadaye alijiunga na Gruppo di Improvvisazione Nuova Consonanza, kundi lililoanzishwa na mtunzi Franco Evangelisti, ambamo watunzi waliosomea walikutana kutafuta sauti mpya kutoka ala za zamani bila noti yoyote iliyoandikwa. Yeye alipiga tarumbeta kwa namna ambazo baba yake asingezikubali. Sauti ya kitu cha kawaida kugeuzwa muziki lilikuwa jambo aliloliamini na kulifanyia kazi pia mahali pasipo na kamera wala malipo makubwa.

Pili, tusikilize kwa makini. Katika The Good, the Bad and the Ugly mlio wa mbweha umetengenezwa kwa noti mbili tu zinazopishana kwa kasi. Noti hizo mbili anapewa kila mmoja wa wahusika watatu kwa sauti yake: mwema anapewa filimbi, mbaya anapewa okarina, ile filimbi ya udongo yenye sauti nzito iliyoziba, na Tuco, wa tatu wao, anapewa sauti za watu wanaopiga kelele. Watu watatu, wimbo mmoja, makoo matatu. Kabla hawajasema neno, tumeambiwa kwamba wote ni wa asili moja na kwamba uchoyo wao ni mmoja. Huo ni utunzi wa hali ya juu uliofanywa kwa vifaa haba.

Mfano bora zaidi ni ile saa ya mfukoni katika For a Few Dollars More, ya mwaka 1965. Saa ikifunguliwa inapiga wimbo mdogo wa kitoto. Jambazi El Indio huutumia kama kipimo: wimbo ukiisha, watu wafyatue. Mara ya kwanza tunausikia kama mlio wa saa tu, ambao wahusika wenyewe wanausikia. Kisha okestra inauchukua, kinanda cha kanisani kinanguruma juu yake, na wimbo wa kitoto unageuka kuwa hukumu. Mwishoni tunakuja kujua kwamba saa hiyo inahusu kifo cha dada wa Kanali Mortimer, anayemwinda El Indio. Kumbe tangu mwanzo tulikuwa tunasikia kilio cha marehemu. Ondoa sauti hiyo, na pambano la mwisho linabaki wanaume wawili wenye bastola. Anayeiita sauti hiyo kituko aseme ni mtunzi gani mwingine wa wakati ule aliyeifanya saa ibebe maana ya filamu nzima.

Dai la nne: Muziki wake unaifunika filamu

Kuna wanaoamini kwamba muziki mzuri wa filamu ni ule usiosikika. Kwa kipimo hicho Morricone ana hatia, kwa sababu muziki wake unasikika. Lakini kipimo chenyewe hakijathibitishwa na yeyote, na Once Upon a Time in the West ya mwaka 1968 inakivunja pande mbili.

Upande wa kwanza ni ukimya. Filamu inaanza na watu watatu wanaongoja treni kwenye kituo kikavu, na kwa dakika nyingi hakuna muziki hata kidogo. Kuna kinu cha upepo kinacholia kwa kukosa mafuta, maji yanayodondoka juu ya kofia, na nzi anayemsumbua mtu usoni. Morricone alisimulia kwamba alimweleza Leone kuhusu onyesho aliloliona Florence, ambapo mtu alipanda jukwaani na kuikwaruza ngazi ya mbao mbele ya wasikilizaji waliokaa kimya, na sauti ile ikawa muziki. Leone akaelewa. Mtunzi anayedaiwa kufunika filamu ndiye aliyechangia kuondolewa kwa muziki katika mojawapo ya mianzo ya filamu inayosifiwa kuliko yote.

Upande wa pili ni mpangilio wa kazi. Muziki wa filamu hiyo ulitungwa na kurekodiwa kabla ya kupiga picha, na Leone aliupiga pale pale waigizaji wakiwa kazini. Katika tukio la Claudia Cardinale kuwasili kituoni na kukuta hakuna aliyekuja kumpokea, kamera inamfuata hadi ofisini, inamtazama kupitia dirishani, kisha inapanda juu ya paa na kutuonyesha mji mzima unaojengwa, huku sauti ya mwimbaji Edda Dell'Orso na okestra vikipanda pamoja nayo. Kamera imepandishwa kwa mwendo wa muziki. Huwezi kusema kitu kimeifunika nyumba ikiwa nyumba imejengwa juu yake.

Na alipotakiwa kunyamaza, alinyamaza. Katika The Thing ya John Carpenter, ya mwaka 1982, alitoa mdundo mzito wa chini unaojirudia kama mapigo ya moyo, na kidogo sana juu yake. Muziki huo ulipendekezwa kwa tuzo ya dhihaka ya Razzie kama muziki mbaya kuliko wote wa mwaka. Leo unatajwa miongoni mwa mifano bora ya muziki wa filamu za kutisha.

Dai la tano: Sifa ni za waimbaji na wapigaji wake

Ni kweli kwamba mluzi ule haukupigwa na Morricone. Ni wa Alessandro Alessandroni, mpiga gitaa na kiongozi wa kwaya ya Cantori Moderni. Sauti ya mwanamke isiyo na maneno ni ya Edda Dell'Orso. Kinanda cha mdomo katika Once Upon a Time in the West ni cha Franco De Gemini. Okestra nyingi za miaka hiyo ziliongozwa na Bruno Nicolai, ambaye mwenyewe alikuwa mtunzi. Watu hawa walistahili kutajwa zaidi ya walivyotajwa, na hapo naungana na wapinzani bila kusita.

Ninapoachana nao ni katika hitimisho. Hollywood watunzi wengi huandika wazo kuu, kisha wataalamu wengine wakaligawa kwa ala za okestra. Morricone aliliona jambo hilo kama kuacha kazi nusu. Kila noti ya kila ala aliiandika mwenyewe. Katika The Ecstasy of Gold, kipande cha The Good, the Bad and the Ugly, Tuco anapokimbia kama kichaa kati ya makaburi akitafuta dhahabu, sauti ya Edda haiingii mara moja. Inatanguliwa na piano na ala moja ya kupuliza yenye huzuni, kisha inaingia juu ya vyote, halafu kwaya, kengele na ngoma vinajazana nyuma yake kadiri mbio zinavyozidi. Uzuri wa sauti ni wa Edda. Uamuzi wa kuitumia kama ala, bila neno hata moja, na wa kuingoja hadi wakati wake, ni wa Morricone. Kumpa Edda haki yake hakumpunguzii Morricone chochote.

Dai la sita: Alikopa na kujikopa

Ushahidi unaoletwa ni A Fistful of Dollars ya mwaka 1964, filamu ambayo Morricone aliifanya kwa jina la bandia, Dan Savio. Msingi wa wimbo wake mkuu unatoka katika rekodi ya Pastures of Plenty, wimbo wa Mmarekani Woody Guthrie, ulioimbwa Italia na Peter Tevis. Hilo ni kweli. Kinachoachwa ni kwamba mpangilio wa rekodi hiyo ulikuwa wa Morricone mwenyewe. Leone aliusikia, akaupenda, na Morricone akauondoa wimbo wa Guthrie, akabakiza usindikizaji wake na kuuwekea mahadhi mapya ya mluzi. Alichokichukua kilikuwa chake.

Mfano wa pili ni The Hateful Eight ya Quentin Tarantino, ya mwaka 2015, ambamo vilitumika vipande alivyoviandikia The Thing na ambavyo Carpenter hakuvitumia. Tena ni kweli, na tena vilikuwa vyake, pamoja na muziki mpya aliouandika kwa filamu hiyo.

Msikilizaji wa taarab anapaswa kuwa mwepesi wa kulielewa jambo hili. Pwani yetu ina historia ndefu ya kuchukua mahadhi ya filamu za Kihindi na kuyavisha mashairi ya Kiswahili, na hatujawahi kuuliza tu yametoka wapi. Tumeuliza yamefanywa nini.

Dai la saba: Hata Oscar walimnyima

Hoja hii hutolewa kama muhuri: kama alikuwa mkubwa hivyo, mbona alipata tuzo ya ushindani mwaka 2016 tu, akiwa na miaka 87? Alipendekezwa mara tano kabla ya kupewa tuzo ya heshima mwaka 2007, na kila mara alitoka mikono mitupu.

Mwaka 1987 iliyoshindwa ilikuwa The Mission, na hapo ndipo hoja inapojiangusha. Filamu hiyo ya Roland Joffé inahusu wamisionari wa Kijesuiti na Waguarani wa Amerika Kusini katika karne ya 18. Padri anaingia msituni peke yake na kupiga oboe, ala ya mianzi miwili midogo mdomoni, ya ukoo mmoja na zumari ya pwani yetu. Kutokana na tukio hilo Morricone alipata mahadhi ya kwanza. Ya pili ni ya kwaya ya kanisa ya wakati ule. Ya tatu ni ya Waguarani wenyewe, yenye ngoma na mdundo mkali. Kila moja inaweza kusimama peke yake, na anapoyaunganisha yanasikika yote matatu kwa pamoja bila hata moja kumezwa. Kisa chote cha filamu, watu wa imani mbili wanaotaka kuishi pamoja na dola zisizowaruhusu, kimo katika muungano huo. Tuzo ilikwenda kwa Herbie Hancock na filamu ya Round Midnight. Hancock ni mwanamuziki mkubwa, lakini kura ya mwaka mmoja haifuti kazi ya namna hiyo.

Madai saba yote yana mzizi mmoja: imani kwamba msanii wa kweli hutunga kidogo, polepole, kwa maumivu, na kwamba anayefanya kazi kwa oda ni fundi tu. Morricone anaipinga imani hiyo kwa maisha yake yote. Filamu ndogo za bei nafuu ndizo zilizompa alichokosa mtunzi wa ukumbini: studio kila wiki, wapigaji hodari wanaolipwa, na mtayarishaji asiyejali jinsi muziki ulivyoandikwa mradi ufike kwa wakati. Humo ndimo alimojaribu sauti zinazogongana, ala zisizojulikana, na sauti ya binadamu bila maneno. Kilichofaulu alikibeba kwenda kwa Leone, Petri na Joffé. Bila zile filamu zilizosahaulika, hizi tunazozikumbuka zisingekuwa na lugha ya kusemea.

Kwa hiyo anayetaka kumhukumu aziweke kando filamu za kaoboi kwanza. Asikilize muziki wa filamu ya Petri, kisha mmoja wa zile za Argento, kisha The Mission, na ndipo arudi kwa Leone. Akimaliza akaendelea kusema kwamba mtu huyu alitunga mno, nitamwomba anitajie ni ipi kati ya hizo angependa isingeandikwa.